Juu ya Kabati la Mama Ghorofa

Nyumba ya Mama Ghorofa haikuwa ghorofa hata kidogo. Ilikuwa nyumba ya kawaida kama zote za mji ule mdogo wa kando ya mto: vyumba viwili na sebule, bati lenye kutu, jiko kwa nyuma. Ila msingi wake ulikuwa mrefu, mrefu wa kuchekesha, kiasi kwamba ili uingie ndani ilibidi upande ngazi kama mtu anayekwenda kuhutubia. Aliyeujenga ni marehemu mumewe, fundi mwashi, na siku zote alizokuwa akiujenga watu walipita pale kumcheka. "Fundi, unajenga nyumba au unazika tembo?" Mkewe wakambandika jina la Mama Ghorofa kwa kejeli, na jina likanata hadi leo.

Kisha mto ukafurika. Mto ule ulikuwa na tabia mbaya: unatulia miaka, watu wanafua, wanaoga, wanausahau, wanajenga hadi ukingoni kabisa, halafu mvua za milimani zikizidi unaingia mjini bila hodi. Mwaka huo uliingia kila nyumba. Ukala unga, ukala magodoro, ukabeba kuku wa watu na mabanda yao. Ulipofika kwenye ngazi za fundi mwashi ukapanda kidogo, ukapanda tena, ukakoma. Fundi akachukua tindo na nyundo, akasimama majini hivyo hivyo, akachonga mstari pale maji yalipokomea. Waliomcheka walikuwa sebuleni kwake wamejikunyata, wanakunywa chai yake, na hakuna hata mmoja aliyetaja tembo.

Tangu hapo ikawa desturi. Mawingu yakianza kuwa meusi kule milimani, mji mzima unahamishia vitu kwa Mama Ghorofa. Hata fundi alipofariki desturi haikufa; mjane aliirithi kama alivyorithi nyundo na deni la mabati. Na kwa kuwa yeye alikuwa fundi cherehani, asiyeishiwa vipande vya vitambaa, akaianzishia utaratibu wake. Kila familia ilikuwa na utepe wake. Kinyozi alikuwa maua mekundu, seremala mistari ya buluu, mama wa mitumba madoadoa meupe. Kitu kikipanda ngazi, kabla hakijavuka kizingiti, kinafungwa utepe, na maji yakipungua kila mtu anachukua chake bila kelele za "sufuria hiyo yangu, kuku wewe!" Watoto walikua wakijua kwamba wao ni watu wa mistari na wale jirani ni watu wa madoadoa, na walikuwa wakipigana shuleni kwa ajili hiyo.

"Nyumba yangu imekuwa stoo ya mji!" Mama Ghorofa alilalamika kila masika. "Nimezaliwa niwe mlinzi wa sufuria za watu?" Alilalamika kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, huku mikono yake ikifunga tepe, na aliyemfahamu alijua kwamba pale mwanamke anaimba. Kama hujawahi kuamka asubuhi uso kwa uso na kioo kikubwa cha kinyozi, hujui kushtuka. Yeye aliamka hivyo kila mafuriko, akajikemea kwenye kioo, akacheka peke yake. Hakuwa na mtoto. Hakuwa na mali. Alikuwa na ule msingi mrefu, na wakati wa maji hakuna mtu mjini aliyekuwa mkubwa kuliko yeye.

Kila familia ilikuwa na mahali pake humo ndani, na mahali pa juu kuliko pote, juu ya kabati la chumbani, palikuwa pa kitu kimoja tu: sanduku la bati la mdogo wake.

Huyu mdogo wake alikuwa muuza chai pale stendi. Mama yao alipofariki, Mama Ghorofa alikuwa msichana tu, na huyu mdogo alikuwa bado anabebwa. Akamlea, akamsuka, akamchapa, akamwozesha. Mume hakudumu, aliaga anakwenda kutafuta maisha na inaonekana aliyapata, maana hakurudi. Muuza chai akabaki na binti mmoja. Na huyo binti, baada ya mafuriko fulani, wakati watu wote wanakunywa maji ya visima vilivyochafuka, alianza kuharisha Jumatatu, na Alhamisi wakamzika.

Ndani ya sanduku kulikuwa na gauni la njano aliloshonewa na mama mkubwa wake, na picha. Picha moja, hakuna nyingine popote duniani. Ilipigwa siku mpiga picha mmoja wa kuzunguka alipopita mjini. Binti hakuwa na viatu, wakamwazimia vya mtoto wa jirani, vyeupe vya kufunga na kishikizo, na vilikuwa vinambana. Kwa hiyo akagoma kucheka. Amesimama wima pale pichani, kanuna kama hakimu, anamtazama mpiga picha kwa chuki kabisa. Walipoiona walicheka mpaka machozi. Baadaye ndiyo ikawa picha pekee, na uso ule wa kununa ndio uso pekee uliobaki. Utepe wa sanduku ulikatwa kutoka kitambaa kile kile cha njano, na kila mafuriko muuza chai alilipandisha ngazi yeye mwenyewe kabla ya godoro, kabla ya sufuria za kazi, kabla ya kitu chochote.

"Juu ya kabati, Dada," alisema kila mara.

"Mimi mgeni hapa?" Mama Ghorofa alimjibu kila mara.

Mambo yaliharibika ilipoletwa barabara. Lo, siku hizo watu walifurahi! Barabara ya lami, nyuma tu ya nyumba ya Mama Ghorofa, inakata kati ya mji na vilima. Mkandarasi alijaza udongo, akashindilia, akajaza tena, mpaka tuta likawa juu kuliko madirisha ya watu, na chini yake akapitisha mabomba ya zege ya kupitishia maji ya vilimani. Mabomba yenyewe membamba, mbuzi aliyenona angekwama. Na watu wa mjini nao, badala ya kushukuru kwa adabu, wakayafanya jalala. Chupa, matambara, maganda, nepi, kila kitu kilitupwa pale mdomoni mwa bomba, kwa sababu ni karibu na hakuna wa kuuliza.

Muuza chai ndiye aliyeona. Vibarua wa barabara walikuwa wateja wake, na alikuwa akiwapelekea chai ng'ambo ya tuta. Siku moja baada ya mvua ndogo tu akarudi na birika tupu, akapitia kwa dada yake, akakuta anashona sare za shule.

"Dada, nyuma ya tuta maji yanasimama. Yamejaa kama bwawa."

"Yakisimama yatakauka."

"Dada, nasema kweli. Mwaka huu hebu vitu tuvipeleke shule ya kilimani. Mwalimu mkuu amesema madarasa atafungua."

Cherehani ikasimama. Mama Ghorofa akavua miwani, na akivua miwani ujue yatatoka maneno.

"Shule? Paa la shule linavuja hata kwa umande, nawe unaniambia shule? Nyumba hii imekufanya nini? Mstari wa shemeji yako uko pale kwenye ngazi, kuna siku maji yaliupita? Sema! Kuna siku?"

"Hakuna, Dada."

"Basi. Niondolee balaa hapa."

Muuza chai ndivyo alivyolelewa: dada akishasema, yamekwisha. Akachukua birika lake akaenda, na mbele ya wateja wake siku hiyo alimtetea dada yake kwa maneno yale yale aliyofokewa nayo.

Masika yakaingia kwa hasira. Siku ya pili ya mvua kubwa mto ukabadilika rangi, na mji ukaanza kupanda ngazi. Muuza chai alikuwa wa kwanza, sanduku kichwani. Mama Ghorofa akalifunga utepe wa njano, akalipandisha juu ya kabati mbele ya macho yake, na mdogo mtu akateremka kwenda kuokoa majiko na vikombe vyake. Nyuma yake wakafuata wengine, kinyozi na kioo, seremala na misumeno, mama wa mitumba na marobota. Sebule ikajaa. Mama Ghorofa alikuwa ameshaanza wimbo wake wa stoo ya mji, jasho linamtoka, raha tupu.

Mchana ndipo alipokuja Bosi.

Bosi alikuwa mwenye duka la jumla, tajiri wa mji, mwenye ghala lake mwenyewe la matofali. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuleta hata kijiko kwa Mama Ghorofa. Alikuwa akimsalimia kwa kuinua kidevu tu. Lakini mtaro wa barabara mpya ulipita kwenye ubavu wa ghala lake, ukuta ukapasuka, na sasa alikuwa amesimama kwenye ngazi kwa miguu yake mwenyewe, suruali imekunjwa, nyuma yake wapagazi wamebeba magunia ya sukari na kitu kikubwa kimeviringishwa blanketi.

"Shikamoo, mama," Bosi akasema.

Nyumba nzima ikasikia. Kinyozi akaacha kupanga makopo yake.

"Marahaba, baba. Karibu, karibu ndani!"

"Mama, hii ni televisheni. Mjini hapa hakuna nyingine ya ukubwa huu. Haitaki kulala, haitaki kubanwa, haitaki kuguswa. Nikawaambia watu wangu, jamani, nyumba ya kuaminika ni moja tu, kwa mama yetu. Niwekee mahali pazuri."

Mama yetu! Mtu mzima akavimba kichwa mchana kweupe. Akawaongoza wapagazi mpaka chumbani, akawapigia kelele wasikwaruze ukuta, na akatazama huku na huku kutafuta mahali pazuri. Palikuwa na mahali pamoja tu. Akapatazama. Ungemuuliza wakati ule angekwambia ni kwa muda tu, mpaka atakapopata nafasi nyingine, kwani sanduku lenyewe dogo na sakafu ya nyumba ile haijawahi kulowa tangu ijengwe. Akapanda kiti, akaliteremsha sanduku kwa mikono yake mwenyewe, akalisukuma chini ya kitanda. Televisheni ikakaa juu ya kabati. Akaifunika shuka lake la maua, lile la wageni. Magunia ya sukari yakapangwa mbele ya kitanda, moja juu ya jingine, mpaka godoroni.

Muuza chai aliporudi, amelowa chapachapa, alichungulia chumbani kutoka mlangoni. Akaona shuka juu ya kabati na kitu kimefunikwa.

"Dada, sanduku umelifunika?"

"Wewe mtoto una wasiwasi! Niliwahi kukupotezea kitu mimi?"

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Na yule akaridhika, akaenda kuwasha jiko awapikie watu chai, kwa sababu tangu anajifunza kutembea, dada yake akisema jambo lilikuwa hivyo.

Siku ya pili yake, jua limeshapanda japo halikuonekana, mto ukavunja ukingo. Watu wakatoka kwenye ngazi kuangalia, kama walivyofanya kila mafuriko. Hiyo nayo ilikuwa desturi: unasimama pale juu, mkavu, unautazama mstari wa marehemu, na wanaume wanawekeana dau la soda. Mtaa ulikuwa ziwa. Maji yalifunika ngazi ya kwanza, yakafunika iliyofuata, kinyozi akashangilia, seremala akatukana. Yakaukaribia mstari. Yakaugusa. Yakakaa hapo, yakacheza cheza, yakaanza kurudi chini.

"Marehemu oyee!" kinyozi akapiga ukelele, na watu wote wakaitikia. Mama Ghorofa alikuwa amesimama katikati yao, mikono kiunoni, na alimtafuta mdogo wake kwa macho ili amwone vizuri usoni.

Wakati huo wote hakuna aliyeangalia nyuma. Kwa nini waangalie? Mto uko mbele. Mstari uko mbele. Miaka yote maji yalitokea mbele. Mama wa mitumba ndiye aliyekwenda jikoni kufuata birika, na sauti aliyoitoa huko haikuwa ya binadamu.

Maji ya vilima yalikuwa yamejaa nyuma ya tuta tangu juzi, mabomba yamezibwa na takataka zao wenyewe, na sasa tuta lilikuwa limepasuka. Yalishuka kwa kishindo, yakang'oa mlango wa jikoni, yakapita sebuleni, yakatokea mlango wa mbele. Watu waliokuwa kwenye ngazi wanautazama mto walipigwa mgongoni na maji yanayotoka ndani ya nyumba. Hebu fikiria. Maji yanateremka ngazi za fundi mwashi kutoka juu, yamebeba viatu, vikombe, mitumba, na tepe za rangi zote.

Ikawa kila mtu na roho yake. Waliokuwa na watoto walishika watoto. Wengine walivuta walichoweza kuvuta kuelekea kipande cha tuta kilichobaki kimesimama. Muuza chai yeye aliingia ndani, maji kiunoni, akafika kwenye kabati, akanyoosha mikono, akavuta shuka la maua.

Akakutana na kioo cheusi cha televisheni.

"Sanduku liko wapi?" akauliza. Hakupiga kelele. "Dada. Sanduku liko wapi?"

Mama Ghorofa alikuwa mlangoni. Kabla hajajibu, wapagazi wa Bosi wakaingia kwa nguvu, "Pisheni! Pisheni hapo!", wakamsukuma muuza chai pembeni, wakaibeba televisheni juu ya vichwa. Mlango ulikuwa mwembamba. Na Mama Ghorofa, kwa mazoea, kwa mdomo wa mtu aliyepitisha vitu vya watu mlangoni pale maisha yake yote, akasema:

"Taratibu. Msiigonge."

Mdogo wake alimgeukia. Alimtazama mara moja tu, kisha akajitupa kwenye magunia. Alivuta, yakagoma, sukari iliyolowa ina uzito wa kaburi. Dada naye akaja wakavuta wote wawili, wanalia wote wawili, wanateleza, na maji yanapanda, mpaka seremala aliporudi akawatoa kwa nguvu, mmoja huku mmoja huku.

Sanduku lilitoka maji yalipokwisha pita. Magunia yalikuwa yamebaki matupu, sukari yote imekwenda kuukoleza mto. Muuza chai alilifungua palepale kwenye ngazi, juani, na Mama Ghorofa akasimama nyuma yake asijue aweke wapi mikono. Gauni lilikuwa tope, lakini gauni linafulika. Picha ilikuwa imeshikana na kitambaa. Akaibandua polepole kwa kucha. Rangi ziliyeyuka zikatoka na kitambaa, zikaacha karatasi nyeupe, isipokuwa kwa chini kabisa, kwenye pembe. Kwa chini vilibaki viatu.

Muuza chai aliviangalia muda mrefu.

"Vyenyewe vya kuazima," akasema.

Akaifunga ile karatasi kwenye pindo la kanga, akajitwika sanduku, akateremka ngazi. Utepe wa njano aliuacha pale ulipoangukia.

Sasa sikia watu. Wale wale waliolala kwenye nyumba ile bila kuulizwa hata kopo la chumvi walikuja mmoja mmoja, na si kumpa pole. "Ningejua ningekiacha kioo changu kwangu," alisema kinyozi, ambaye kwake kulikuwa na maji mpaka darini. "Tulikuamini," alisema mama wa mitumba. "Ulituambia hapa ni salama." Hakuna aliyetaja tuta, hakuna aliyetaja nepi alizozitupa mwenyewe mdomoni mwa bomba. Mkandarasi alikuwa mbali na hasira yao ilihitaji mtu wa karibu. Hakuna aliyeuliza mwanamke amelala wapi, na alikuwa amelala juu ya meza ya kushonea, maana godoro lilikwenda na mto.

Bosi naye alikuja. Mama Ghorofa alimwona kwa mbali, akajifuta uso, akajiandaa kupokea pole.

"Mama," Bosi akasema kutoka chini, bila shikamoo, "ile rimoti yake hatuioni. Hebu angalia angalia humo ndani."

Akaitafuta! Ndiyo, aliitafuta, mpaka kwenye tope la uani. Hakuipata, na Bosi akaondoka akisonya.

Baada ya majuma mengi akajikaza kisabuni, akaenda stendi. Muuza chai alikuwa amesimamisha kibanda upya kwa mabati ya kuokoteza. Alimwona dada yake, akafuta meza, akamwekea kikombe, akainua birika.

"Tukuwekee sukari?" akauliza.

Mtu aliyemkorogea chai tangu utotoni. Mtu anayejua hata kikombe gani anakipenda. Anamuuliza kama wanavyoulizwa abiria wa kupita. Mama Ghorofa akasema weka kidogo, akanywa. Alikuwa amekuja na maneno, ameyapanga njia nzima. "Mdogo wangu, siku ile—" akaanza.

"Kuna wateja, Dada," akasema muuza chai, na kweli walikuwepo.

Masika mengine yakaja. Mkandarasi alikuwa amerudi kimya kimya, akabomoa pale palipopasuka, akajenga daraja zuri pana, maji ya vilimani sasa yanapita bila kuombwa. Mama Ghorofa alikwenda kulitazama mwenyewe, akaliinamia, akarudi nyumbani haraka. Akaosha tepe, akazipiga pasi: maua, mistari, madoadoa. Ule wa njano akaukata mpya kutoka mwisho wa kitambaa. Akapanda kiti, akafuta vumbi juu ya kabati, akashuka, akapanda tena akafuta. Kisha akafungua mlango wa mbele, akakaa kizingitini.

Mji mzima ulipita. Mstari mrefu wa watu na mizigo, wanapanda kwenda shule ya kilimani. Wengine walisalimia, "Mama, hujambo," macho yako barabarani. Kinyozi alijifanya kioo kimemziba. Bosi hakupita kabisa, alishajijengea ghorofa, ya kweli. Na muuza chai alipita, sanduku kichwani, limefungwa kwa kamba ya katani.

"Mdogo wangu! Njoo nikusaidie mzigo!"

"Usijali, Dada. Si mzito."

Mto ulikuja. Ukajaza mtaa, ukapanda ngazi, ukaugusa mstari wa marehemu, ukatulia, na nyuma uwanja ulikuwa mkavu kabisa, kuku angeweza kutaga. Nyumba haikulowa hata kizingiti. Ilikuwa tupu vilevile. Ukikohoa sebuleni, chumbani panaitikia. Alishalalamika miaka na miaka kwamba hana pa kukanyaga, na sasa alikuwa na nafasi ya kutosha kucheza ngoma, na hakuwa na wa kumlalamikia.

Kesho yake mchana akasikia mtu anakuja akivuka maji. Alikuwa muuza chai, maji mapajani, kanga imekunjwa. Mama Ghorofa alishuka ngazi mbio kama msichana.

"Njoo, njoo ndani! Utaugua!"

"Nimekuja kuomba kiberiti, Dada. Kule paa linavuja, vyote vimelowa, na watoto wa watu hawajanywa kitu cha moto tangu jana."

"Linavuja! Si nilisema? Huku pakavu, hebu ingia uone, pakavu kabisa. Waite wote waje. Au njoo wewe tu. Ingia kwanza."

"Hapa panatosha."

Alikuwa amesimama ngazi ya chini, chini ya mstari, mkono mmoja umenyooshwa. Mama Ghorofa alikwenda akaleta viberiti vyote alivyokuwa navyo, akaviviringisha kwenye nailoni.

"Na sanduku?" akauliza. "Huko kunakovuja, sanduku umeliweka wapi? Niletee mimi. Juu ya kabati nimepaacha wazi, hakuna kitu chochote, nakuapia. Njoo uone mwenyewe."

Muuza chai akaweka viberiti ndani ya kilemba chake, akakaza fundo.

"Liko sakafuni," akasema. "Limeshazoea."

Kisha akasema asante, Dada, kwa adabu, kama alivyofundishwa, akageuka, akashika njia ya kilimani. Mama Ghorofa alimtazama hadi alipokata kona ya kwa kinyozi. Halafu akapanda ngazi, akafunga mlango, akaenda kukaa kitandani, na kabati lilikuwa mbele yake.